Kunyoa nywele za shingo za farasi au kuziacha: mwongozo kamili kwa sisi tunaofuga Uganda

Ukinyoa nywele za shingo ya farasi leo, zitaanza kuota mara moja, lakini kwanza zitasimama kama brashi ya viatu kwa miezi mingi, itapita karibu mwaka ndo zianze kulala upande mmoja, na kama alikuwa nazo ndefu za kufika katikati ya shingo basi hesabu miaka miwili au zaidi kabla hujamuona tena vile alivyokuwa. Kunyoa kwenyewe ni kazi ya nusu saa. Ndo maana naomba watu wasiamue hii kitu siku wamechoka kuchambua kishonanguo kwenye nywele, au siku wameona picha ya farasi wa polo wakapenda vile shingo inavyong'aa.

Huko wanakonyoa sana wana sababu zao. Farasi wa polo ananyolewa ili nywele zisijifunge kwenye hatamu na kwenye fimbo ya mchezaji. Uingereza farasi wa aina ya cob, wale wafupi wanene, wananyolewa kwa maonyesho. Wale Fjord wa Norway wanakatwa zisimame wima ili ule mstari mweusi wa katikati uonekane kati ya nywele nyeupe za pembeni. Sawa, ni vizuri, lakini farasi wetu, awe Munyonyo, awe Jinja anatembeza wageni kando ya Nile, awe kule Ziwa Mburo anapita katikati ya punda milia, anaishi na visubi, kupe, pange, na jua la ikweta mwaka mzima. Utasema mbona punda milia na punda wa Karamoja wana nywele fupi zimesimama na wako sawa tu. Wao wamezaliwa hivo. Farasi wako amezaliwa na nywele za kulala, na ngozi iliyoko chini yake haijazoea jua.

Zile nywele zina kazi. Zinafukuza nzi kila akitikisa shingo, zinapeleka maji ya mvua chini yasitulie kwenye ngozi, zinampa kivuli upande mmoja wa shingo, na zinamzuia usubi kufikia ngozi kirahisi. Na usubi kwa farasi sio mdudu mdogo wa kudharau, yeye ndo anayebeba ugonjwa wa farasi wa Afrika, ule unaojaza maji mapafuni na kuvimbisha kichwa, na hauna dawa ya kuutibu, kuna chanjo tu na kumkinga asiumwe. Kwa hiyo kila unapopunguza kinga ya farasi lazima ujue unaweka nini badala yake.

Hatua ya kwanza: sema sababu yako, moja

Usiseme "nataka awe nadhifu". Nadhifu sio sababu. Sema: anajikuna, au ana kupe wengi, au nywele zimejifunga mafundo, au anatoka jasho sana kazini, au ana kidonda shingoni kinachohitaji dawa, au napenda muonekano. Ukishaisema kwa neno moja utaona kwamba zaidi ya nusu ya hizo kunyoa hakuzitatui. Farasi anayejikuna kwa sababu ya usubi ukimnyoa ataendelea kujikuna, sasa hata pale palipokuwa pamefunikwa. Kupe utawaona vizuri zaidi ndio, lakini watakuja vilevile kwa sababu wanatoka kwenye malisho, hawazaliwi kwenye nywele.

Na kama farasi sio wako, kama wewe ni saisi, yaani mtunza farasi, au umemkodi, muulize mwenyewe kabla ya kitu chochote, na mpate mmekubaliana wazi mpaka urefu utakaobaki. Kuna wenye farasi wanaoumia kweli kwa hii.

Hatua ya pili: fungua nywele uangalie ngozi

Hapa ndo pa kutumia muda, ukiniuliza mimi hii hatua ndo mwongozo wote. Mfunge farasi kwa fundo la kufunguka haraka, kwenye kivuli, chukua tochi ya simu na kitana cha meno mapana. Anza pale shingo inapoishia juu ya mabega, inua fungu la nywele upana wa vidole vitatu, ligeuzie upande wa pili, uangalie shina la nywele kabisa, alafu songa mbele fungu kwa fungu mpaka nyuma ya masikio. Tumia na vidole, sio macho tu, pitisha ncha za vidole polepole juu ya mgongo wa shingo ukisikiliza joto, uvimbe, na vitu vidogo vigumu.

Ukikuta nywele zimekatika fupi fupi kama zimetafunwa, ngozi imekuwa nene ina mikunjo, na ukikuna kidogo tu farasi ananyoosha mdomo na kukusukuma uendelee, hio kwa kawaida ni aleji ya mate ya usubi. Angalia na mwanzo wa mkia, mara nyingi utakuta hali ni ileile. Kama anasugua mkia peke yake na shingo iko safi, mwambie vetenari afikirie kwanza minyoo inayotaga mayai kwenye njia ya haja kubwa.

Magamba makavu yanayotoka na kishungi cha nywele juu yake, ukivuta chini unakuta pekundu pamelowa, hayo yanakuja na mvua, ni bakteria anayependa ngozi iliyolowa siku nyingi. Huwa anakaa zaidi mgongoni na kiunoni lakini anafika shingoni. Mviringo usio na nywele wenye unga unga, fikiria fangasi, vaa glavu, kwa sababu zile zinahamia kwa mtu na kwa farasi mwingine kupitia brashi. Vitu vidogo rangi ya vumbi vinavyotembea, au mayai meupe yameshika kwenye nywele karibu na ngozi, hao ni chawa, na shingoni ndo kwao.

Kupe utawakuta wawili watatu wamejificha kwenye shina, na masikioni, na kati ya miguu ya nyuma. Watoe kwa kibano, shika karibu na ngozi, vuta sawasawa bila kupinda. Wanabeba babesia na theileria za farasi, vijidudu vile vinavyoharibu chembe nyekundu za damu, kwa hiyo farasi mwenye kupe wengi mpime na joto la mwili na uangalie rangi ya ufizi.

Na sasa hili naliandika nikiwa na uchungu: usichukue dawa ya kupe ya ng'ombe ukampiga farasi bila kusoma kopo. Nyingi tunazotumia kwa ng'ombe hapa Uganda zina amitraz, na amitraz inasimamisha matumbo ya farasi, chakula kinakwama ndani, anaweza kufa. Inauzwa kila duka la dawa za mifugo, Container Village pale Kampala utaipata rafu nzima, na muuzaji atakwambia ni ya mifugo yote. Farasi hapana. Soma jina la dawa yenyewe kwenye lebo, na kama haijaandikwa kwamba inafaa farasi mpigie vetenari kabla hujafungua kifuniko.

Hatua ya tatu: fikiria siku yake nzima

Analala wapi? Visubi wanatoka zaidi jioni jua likizama na alfajiri, na wanazaliana kwenye matope yenye kinyesi. Farasi anayebaki nje usiku karibu na bwawa au bonde la mto, mimi nisingemnyoa kabisa. Anayeingia bandani kabla ya saa kumi na moja jioni na kutoka saa tatu asubuhi, banda lina wavu na feni, huyo unaweza kumfikiria. Feni inasaidia kweli kwa sababu usubi hana nguvu ya kuruka kwenye upepo.

Rangi yake je? Kama ngozi chini ya nywele ni ya pinki, weka mkasi chini. Jua letu litamuunguza. Ngozi nyeusi inavumilia zaidi.

Anapandwa na nani? Hili watu wanalisahau. Mtoto anayejifunza, au mgeni ambaye hajawahi kupanda, kitu cha kwanza anachoshika farasi akipanda kilima ni zile nywele, na ni bora ashike nywele kuliko avute lijamu mdomoni mwa farasi. Ukizinyoa lazima umfungie mkanda wa shingoni kila anapotoka, hata mkanda wa zamani wa kikuku, kile cha kukanyagia mguu, unatosha, na lazima kila saisi ajue kuuweka.

Shingo yenyewe ikoje? Farasi mwenye shingo nyembamba au iliyobonyea juu ukimnyoa ataonekana amekonda zaidi. Mwenye shingo nene yenye misuli anapendeza. Lakini kama huo unene ni mafuta magumu yamejaa kwenye mgongo wa shingo mpaka yanaanza kulala upande, hio ni dalili ya kunenepa kupita kiasi na kwato ziko hatarini, shida yako iko kwenye ndoo ya brani, yaani pumba.

Mwisho wa hii, msimu. Machi mpaka Mei na Septemba mpaka Novemba ndo mvua kubwa sehemu nyingi za kusini na kati, na visubi wanaongezeka. Kama ni lazima unyoe, subiri kukauke, Juni au baada ya Krismasi, ngozi ipate muda wa kuzoea kabla mvua haijarudi.

Hatua ya nne: jaribu kwanza vitu vya katikati

Mafundo: usivute kitana kavu. Paka mafuta ya nazi au mafuta ya watoto kwenye fundo, subiri kidogo, fungua kwa vidole kuanzia chini ya nywele ukipanda juu. Kishonanguo toa kimoja kimoja ukiwa umeshika nywele juu yake ili asivutwe ngozi. Ukimaliza osha mafuta kwa shampuu, yakibaki yanashika vumbi jekundu la murram na utarudi kulekule.

Nywele nzito na jasho: suka. Hatukosi watu wa kusuka nchi hii. Mafungu mapana, yameanza legevu kidogo chini ya shina, yafunguliwe na kusukwa upya kila wiki. Ukibana kama unasuka kichwa cha mtu anayekwenda harusini farasi atajisugua kwenye mti mpaka zikatike zote, na utakuwa umemnyoa bila kupenda.

Nywele zinazoota pande zote mbili na kumjaza joto: kata zile za chini tu, zinazogusa ngozi, acha za juu zifunike. Haionekani kwa mbali na kazi ya kinga inabaki.

Hatamu inakaa vibaya nyuma ya masikio: nyoa kanjia kadogo tu hapo, upana wa vidole viwili, inatosha. Mashine ya kinyozi inaweza hiyo kazi. Kujipanua kila mwezi ndo tatizo, unakuta kanjia kamefika katikati ya shingo, kwa hiyo pima kwa vidole kila mara.

Kwa farasi wa aleji ya usubi, tafuta fundi akushonee kitambaa cha wavu mwepesi cha kufunika shingo, kiwe kinafungwa kifuani na hakikwaruzi mabegani, na uongeze spreyi ya permethrin, dawa ya wadudu, iliyotengenezwa kwa farasi. Jaribu kwanza sehemu ndogo, subiri siku moja uone ngozi inasemaje.

Kuna wanaong'oa nywele kwa kitana ili ziwe fupi na nyepesi, wanasema farasi hasikii. Muangalie masikio na macho wakati unang'oa utajua anasikia au hasikii. Mimi naona mkasi unaoshikwa wima, ukichokoa ncha kidogo kidogo, unatoa muonekano uleule bila kumuumiza.

Hatua ya tano: amua

Nyoa kama una chawa na dawa haifiki kwenye ngozi, kama kuna kidonda au magamba yanayohitaji kuoshwa kila siku na vetenari amekubali, kama nywele zimeharibika zimebaki visiki na mashimo kiasi kwamba ni bora zianze upya sawasawa, au kama farasi anafanya mchezo unaohitaji na anaishi kwenye banda zuri. Usinyoe kwa fangasi mpaka vetenari aone, mashine inachubua ngozi na kusambaza mbegu zake. Kwa aleji ya usubi mimi niko upande wa kuacha na kufunika, ingawa kuna farasi ambao ngozi yao imefika pabaya hadi lazima ufungue upake dawa, hao wapo, na wanahitaji kitambaa mara mbili zaidi ya wengine.

Na kama sababu ni kupenda muonekano tu, na umepita hatua zote juu na majibu ni mazuri, nyoa bila aibu. Ila usinyoe mpaka kwenye ngozi. Acha sentimita mbili au tatu zimesimama, zinavunja makali ya jua na bado anaonekana maridadi.

Hatua ya sita: kunyoa kwenyewe

Siku mbili tatu kabla, mzoeshe sauti. Washa mashine mbali wakati anakula, isogeze kila siku, iguse begani ikiwa imezimwa, alafu ikiwa imewashwa mgongo wa mashine tu uguse ngozi asikie mtetemo. Akikataa, rudi nyuma. Hakuna haraka.

Siku yenyewe awe amekauka kabisa na ameoshwa jana yake, kwa sababu mchanga unaua meno ya mashine. Saa nne asubuhi ni muda mzuri, visubi wamepungua na mwanga upo. Tumia mashine ya betri uiweke chaji usiku, umeme ukikatika katikati ya shingo utabaki na farasi nusu, na waya karibu na miguu ya farasi kwenye sakafu yenye maji ni hatari. Mashine ya kinyozi kwa shingo nzima haitaweza, itapata moto na kung'ata nywele.

Mtu wa pili amshike kamba, asimame upande uleule ulioko wewe, na ndoo ya nyasi chini ili farasi ateremshe kichwa. Hapo ndo siri ilipo: kichwa kikiwa chini mgongo wa shingo unanyooka na ngozi inakazika, mashine inateleza. Kikiwa juu ngozi inajikunja na utamkata.

Kwanza mkasi, punguza zote zibaki urefu wa kidole. Alafu kama unaacha zisimame, endelea na mkasi tu ukifuata mstari wa shingo, mbali kidogo rudi uangalie, rekebisha. Kama unanyoa chini, weka mashine juu ya mabegani katikati kabisa, isukume taratibu kwenda masikioni bila kukandamiza, njia moja ndefu, alafu upande wa kushoto, alafu wa kulia. Kila baada ya dakika chache zima, gusa meno na ndani ya mkono wako, yakiwa ya moto paka oili usubiri yapoe. Farasi akianza ghafla kutikisa kichwa, mara nyingi ni joto la mashine, sio ukaidi.

Acha nywele za utosini zinazoangukia usoni, zinafukuza nzi machoni. Acha fungu dogo juu ya mabega kama kuna anayelishika akipanda. Usiguse ndefu za mdomoni na karibu na macho, zile ni za kuhisia, na FEI, shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, tangu tarehe 1 Julai 2021 hairuhusu farasi aliyenyolewa hizo kushindana. Na mkia usiuguse, hasa sasa, ndo silaha aliyobaki nayo.

Fagia nywele zote zisiingie kwenye nyasi za kula, osha meno ya mashine na dawa ya kuua vijidudu kabla ya farasi mwingine.

Baada ya hapo

Wiki mbili za kwanza muangalie kila jioni. Paka krimu ya zinki pale ngozi ni nyepesi, mvalishe kitambaa akiwa nje, pitisha vidole utafute magamba na kupe kama ulivyofanya mwanzo, sasa ni rahisi. Ukitaka abaki hivo utarudia kila wiki tatu au nne, na ujue hio ni kazi ya kudumu.

Ukiamua kuziotesha, kipindi kigumu ni pale zimefika kama urefu wa kiganja, nusu zimesimama nusu zimeanguka pande mbili. Usizikate tena kwa kukosa uvumilivu. Zilowanishe kila asubuhi, zichane upande unaoutaka, zikianza kushikika zisuke legevu mafungu mafupi zielekee huko, na uendelee kufunika shingo mvua zikianza, kwa sababu nywele za urefu huo bado hazimzuii usubi.